Sahihi ya Mwalimu Drusilla

Kuna watu ambao hasira huwapanda kichwani. Drusilla Kemunto humshuka miguuni. Ndiyo maana siku ile walimu wenzake walipomwona akivuka uwanja wa shule kwa hatua ndefu, sketi ikimpiga magotini, hawakujua kwamba wanamtazama mtu aliyekasirika kuliko wakati wowote maishani mwake. Walidhani anakimbia mvua.

Kwapani alikuwa na faili la kaki lililoandikwa Gesare, jina la msichana wa kidato cha tatu. Alhamisi bodi ya shule ingekutana kuamua kama Gesare afukuzwe, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Drusilla alizaliwa Nyamache, mtoto wa mkulima wa majani chai. Utotoni alikuwa wa kujificha na kitabu nyuma ya nyumba hadi aitwe mara nne. Chuo kikuu alisomea kufundisha Kiswahili na historia. Alipopangiwa shule hii ya kutwa, mlimani juu ya soko la Ekerenyo, alikabidhiwa pia ushauri nasaha, kwa sababu, kama alivyosema naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Nyamongo, "wewe huna kelele." Walimpa stoo ya vifaa vya michezo iwe ofisi. Nyavu za voliboli hazikuwahi kutolewa.

Kwa kuwa alikabidhiwa kazi asiyoijua, alienda kuisomea. Miaka miwili, kila Jumamosi, alishuka Kisii mjini kutafuta stashahada ya ushauri, na huko akakutana na Bi. Batuli, mama wa Kiislamu mzaliwa wa mji huo, ambaye familia yake inauza vitambaa chini na yeye hupokea wateja wake wa ushauri ghorofani. Huyo ndiye aliyemfundisha ushauri wa masimulizi.

"Mtu akikujia na shida," Bi. Batuli alikuwa akimwambia, "usimchanganye na shida yake. Mwambie aipe jina, aikalishe kwenye kiti kingine, kisha muitazame nyote wawili. Ilimjia lini? Inamnyima nini? Nani anailisha? Halafu mtafute siku moja ambayo yeye aliishinda. Haikosekani. Watu husimuliwa na wengine hadi wakasahau kujisimulia."

Drusilla alirudi shuleni na maneno hayo akaanza kuyatumia. Walimu wakapata la kuchekea. Mwanafunzi akitoka stoo, Mwalimu Duncan wa hisabati humwita kutoka dirishani, "Wamekula wakanywa, wakaishi raha mustarehe?" Drusilla hutabasamu na kuinamisha kichwa. Hakuwahi kumjibu.

Gesare aliletwa kwake baada ya ghasia za maharagwe. Wiki mbili mfululizo githeri ya mchana, yale mahindi na maharagwe, ilikuwa na wadudu, na siku moja wavulana wa kidato cha nne walimwaga sahani zao na kulivamia jiko kwa mawe. Gesare ndiye aliyekuwa ameuliza kwenye gwaride, mbele ya shule nzima, kwa nini chakula kina wadudu. Kwa hiyo Gesare ndiye aliyechochea. Shuleni hapo mambo huenda hivyo.

Vikao vitatu msichana hakusema neno la maana. Kikao cha nne Drusilla alimuuliza kama ile shida inayomfuata angeipa jina, angeiitaje.

"Faili," Gesare alisema papo hapo, kama mtu aliyengoja miaka aulizwe.

"Faili linakufanyia nini?"

"Linatangulia, Madam. Nikihamia darasa jipya nalikuta limeshakaa kwenye kiti changu. Mwalimu analisalimia lile, sio mimi."

"Lilianza lini?"

"Form One. Nilisinzia kwa somo la kemia. Magokoro ana mgongo mbaya, kwa hivyo mimi ndio nachuma majani chai asubuhi, napeleka kituoni yapimwe, ndio nakuja shule." Magokoro ni nyanya yake, Bathsheba, aliyemlea tangu akiwa mchanga. "Nikaambiwa niandike."

Kuandika ni desturi ya shule hiyo. Mwanafunzi akikosea hupewa karatasi yenye mistari, huandika kosa lake kwa mkono wake mwenyewe, mwalimu wa zamu hutia sahihi kama shahidi, na karatasi huingia kwenye faili. Zikifika tatu, mtu hupelekwa mbele ya bodi. Karatasi za Gesare zilikuwa tatu.

Jumatatu hiyo Drusilla aliomba faili akalisoma peke yake stooni. Karatasi ya kwanza ya kusinzia, ya pili ya kuchelewa, ya tatu ya uchochezi. Zote zilianza kwa sentensi moja, neno kwa neno: *Mimi Gesare nakiri kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu, kwamba mimi ni mkaidi nisiyeweza kurekebika.*

Akamwita Gesare. Akamuuliza kama maneno yale ni yake.

"Ni ya Bwana Nyamongo. Alikuwa anasema, mimi naandika." Akafikiri kidogo. "Ile ya kwanza nilimuuliza 'kurekebika' inaandikwaje. Akanitajia herufi moja moja."

Mtoto wa miaka kumi na minne, aliyeamka kabla ya jogoo ili achume majani chai, kazi ya watu wazima, anasomewa herufi za neno litakalomfungia mlango. Halafu anaambiwa aandike kwamba hakulazimishwa. Drusilla aliitazama ile karatasi ya kwanza mpaka macho yakamwasha, na hapo ndipo alipoona, chini kabisa upande wa kushoto, neno *Shahidi*, na mbele yake sahihi yenye mkia mrefu. Yake.

Alikumbuka. Ulikuwa muhula wake wa kwanza kazini, wiki yake ya kwanza ya zamu. Alipita mlangoni kwa Nyamongo amekumbatia madaftari, naibu akamwita, akamsukumia karatasi mezani. Aliweka sahihi amesimama. Hakuisoma. Yeye aliyesoma hata maandishi ya pakiti za chumvi.

Hiyo ndiyo hasira iliyomvusha uwanja.

Nyamongo hakumkaribisha kiti. "Umelimaliza? Vizuri. Niandikie ukurasa mmoja kwamba ushauri umejaribiwa ukashindikana. Bodi hupenda kuona hatua zimefuatwa."

"Haujashindikana, Bwana Nyamongo. Na hizi karatasi si maneno ya mtoto."

"Mwandiko ni wa nani?"

"Wake."

"Sahihi ni ya nani?"

Drusilla akalirudisha faili kwapani.

"Madam, mimi nina shule ya watoto mia sita. Wewe una stoo. Ukienda Alhamisi ukasema hukushuhudia, unaiambia Tume ya walimu kwamba huwa unatia sahihi uongo. Hiyo kesi si ya Gesare tena. Fikiria mkate wako." Akamfungulia mlango mwenyewe, kwa heshima kabisa.

Jumanne baada ya masomo Drusilla alishuka Kisii. Bi. Batuli alimmiminia chai ya tangawizi, akamwacha aongee mpaka amalize, jambo lililochukua muda, kwani Drusilla aliyekasirika anajua maneno mengi.

"Nataka kuichana," alisema mwishoni. "Ile karatasi. Hakuna atakayejua."

"Ukiichana, mwanangu, itakuwa kweli milele. Karatasi iliyopotea huaminiwa kuliko iliyopo." Bi. Batuli alikoroga chai yake. "Halafu nikuulize. Umekuja hapa kwa ajili ya msichana au kwa ajili ya mkia wa sahihi yako?"

Drusilla aliona uso unamwaka.

"Usione haya. Vyote viwili vinaruhusiwa, mradi ujue kipi ni kipi. Je, ile siku Faili liliposhindwa, mmeitafuta?"

Hawakuwa wameitafuta. Alikuwa ameshughulika na kukasirika akasahau kazi.

Jumatano aliifanya. Alimuuliza Gesare kuhusu siku ya ghasia, si nani alianza, ila yeye alikuwa amesimama wapi.

"Mlangoni kwa jikoni."

"Ukifanya nini?"

"Nimesimama tu, Madam. Jacinta alikuwa ndani."

Jacinta ni mpishi. Drusilla alimkuta akipeta maharagwe uani, akamuuliza, na Jacinta alipomaliza kumweleza, akauliza kwa mshangao, "Kwani hamkujua? Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Alhamisi bodi ilikutana katika chumba cha walimu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Onchiri, afisa wa kilimo mstaafu, mtu mpole mwenye mazoea ya kutazama saa. Bathsheba aliketi karibu na mlango, leso mpya mabegani, mikono imeshikana mapajani. Gesare alisimama kando yake. Nyamongo alisoma zile karatasi tatu kwa sauti nzuri, ya kuhubiri, na kila aliposema "nisiyeweza kurekebika" Bathsheba aliinamisha kichwa zaidi.

"Mama, una la kusema?" Mzee Onchiri aliuliza.

"Tumekuja kuomba msamaha," Bathsheba alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Lakini mimi sijui tunaombea kitu gani. Huyu mtoto nyumbani hakuna neno mbaya. Nyie mnajua mwingine?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajutia.

Drusilla aliinuka. Alikuwa ameandika aya nzuri usiku kucha, zenye mpangilio, na zote zikamtoka kichwani. "Mwenyekiti, karatasi ya kwanza ina sahihi yangu. Inasema nilishuhudia huyu mtoto akikiri kwa hiari. Sikushuhudia. Nilikuwa napita. Nilitia sahihi bila kusoma."

"Madam Drusilla," Nyamongo alisema taratibu, "uwe mwangalifu."

"Nimekuwa mwangalifu miaka miwili, Bwana Nyamongo, na angalia nilichomwandikia mtoto." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Karatasi tatu, miaka tofauti, makosa tofauti, na sentensi ni ile ile. Ni mtoto gani anayejitukana kwa maneno yale yale kila mwaka? Tunawaandikisha watoto kwamba hawafai, tunawashikisha kalamu wenyewe, kisha tunawasomea mbele ya wazazi wao tukisema, mwandiko ni wako. Mimi hiyo naiona ni aibu yetu, na nusu yake ni yangu."

Mlango ukafunguliwa. Jacinta aliingia na birika kubwa la chai ya bodi. Ilikuwa saa yake ya kuleta chai, hakuna aliyemwita. Lakini Drusilla alisema, "Mwenyekiti, naomba Jacinta aulizwe siku ile aliona nini."

"Mpishi si mwanachama wa kikao," Nyamongo alisema.

"Mawe yalirushiwa mwanachama gani?" Bathsheba aliuliza, kwa upole tu, akitaka kujua.

Mzee Onchiri alikuna kidevu. "Jacinta, weka chai hapo. Uliona nini?"

"Mimi ni mtu wa jikoni tu, Mzee." Birika hakuliweka. "Wale vijana walikuja na mawe. Mimi nilikuwa ndani na sufuria zinachemka, mlango ni mmoja. Huyu msichana akasimama pale mlangoni, mikono hivi." Akajaribu kuinyoosha, birika likamzuia. "Akawaambia, anayetaka kumpiga Jacinta aanze na mimi. Akasema maharagwe si Jacinta aliyeyanunua. Wakamtukana, wakachoka, wakaenda kuvunja madirisha ya ofisi. Kama si yeye mimi sasa ningekuwa na kichwa cha bandeji."



"Aliyeyanunua ni nani?" Mzee Onchiri aliuliza.

Nyamongo alipanga upya zile karatasi. "Hilo halimo kwenye ajenda ya leo."

"Nimeona." Mzee akamgeukia Gesare. "Mbona hukuandika habari hii ya mlangoni?"

"Sikuambiwa niiandike," Gesare alisema.

Waliwatoa nje, wakajadiliana mpaka chai ikapoa. Walipoitwa ndani, Mzee Onchiri alisema Gesare atabaki shuleni, lakini kwa onyo la mwisho, kwa sababu swali lile kwenye gwaride halikufuata utaratibu. Karatasi zitabaki kwenye faili, maana ni kumbukumbu za shule. Drusilla aliomba aruhusiwe kuandika kwenye ile yenye sahihi yake. Nyamongo akasema huko ni kuharibu kumbukumbu. Mzee Onchiri alitazama saa, akasema sahihi ni ya mwenyewe.

Drusilla alikata mstari mmoja juu ya jina lake, na chini yake akaandika: *Sikuwapo.* Akaweka tarehe.

Nje Bathsheba alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa Ekegusii, tena na tena, na Drusilla akazidi kukasirika. Onyo la mwisho kwa mtoto aliyezuia mawe kwa mwili wake. Na nyanya anashukuru. Gesare mwenyewe hakushukuru. Aliuliza kama anaweza kwenda, kwa sababu kipindi cha kemia kilikuwa kimeanza na hakutaka kuchelewa.

Jumatatu iliyofuata barua ilimngoja Drusilla mezani: ajieleze kwa maandishi katika siku kumi na nne kwa nini asichukuliwe hatua kwa kushuhudia asichokiona. Mwalimu Duncan aliisoma juu ya bega lake. Safari hii hakuwa na mzaha. "Kila mtu hapa ametia sahihi zile karatasi," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Mimi pia."

"Basi nenda ukazisome," Drusilla alimwambia, na ndiyo mara ya kwanza alimjibu.

Akaikunja barua akaitia mfukoni. Siku kumi na nne zilikuwa nyingi, na wiki ile ya zamu haikuwa ya Gesare peke yake. Alikwenda kwenye kabati la mafaili, akavuta droo ya juu, akaanza kutafuta mkia wa sahihi yake. Mpaka kengele ya saa nne alikuwa amezipata karatasi tisa nyingine, za watoto tisa. Watatu kati ya hao watoto walikwisha kuondoka shuleni, na hakuna aliyekumbuka walikokwenda. Sita walikuwa bado wapo. Alichukua faili la kwanza, akatoka kwenda kumwita mwenye faili, na walimu waliomwona akivuka uwanja safari hii walitazama juu, mbingu ilikuwa nyeupe, hapakuwa na mvua.