Kamba za Urefu Wetu

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu chekechea hapa Tabora mjini. Mwalimu akamsimamisha kwenye ukuta uliochorwa twiga mwenye namba shingoni, akacheka, "Bibi, angalia alivyo mrefu!" Nikamvuta mtoto kwa nguvu mpaka akalia. Mwalimu alinishangaa, wala simlaumu. Wewe tumejuana siku nyingi, ngoja nikueleze.

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa tulihamishwa kwa lori tukaletwa upande wa Puge, tukapewa viwanja vilivyopangwa mistari, nyumba zimebanana. Tulipewa na darasa la watoto wadogo: nguzo, paa la nyasi, na mwalimu msichana kutoka kusini, mgeni kabisa wa mambo yetu.

Jamani, yule dada alijua kutuchezesha! Hakuwa na chaki wala ubao. Alikuwa na mchanga, vibuyu na makopo ya maziwa. "Kibuyu hiki kitajaza makopo mangapi?" Tunabishana, tunapiga kelele, kila mtu na lake. Tukimwomba jibu anasema, "Mimi sijui. Pimeni." Basi tunajaza, tunamwaga, mchanga mpaka masikioni. Wazazi walicheka: mwalimu gani huyu hajui kitu? Mdogo wangu wa kiume alilipenda darasa lile hata uji wa asubuhi alikuwa haumalizi.

Siku moja mwalimu akaja na kamba za magome ya miombo. Akatulaza mchangani mmoja mmoja, akapima kutoka utosini hadi kisiginoni, akakata, akazining'iniza kamba zetu kwenye nguzo. "Baada ya mavuno tutapima tena, tuone nani amekua." Mdogo wangu, mfupi kuliko wote, alijinyoosha pale chini mpaka vidole vya miguu vikatetemeka.

Tulikimbia nyumbani kumwambia bibi, aliyekuwa anapepeta karanga. Ungo ukamtoka mikononi. "Mayo wee! Amewalaza? Amewapima kwa kamba? Kwetu anayelazwa akapimwa ni maiti!" Kesho yake akaenda darasani kumwomba mwalimu azichome zile kamba. Aliomba, hakugomba. Mwalimu akapiga magoti, akamwamkia shikamoo, kisha akasema kwa upole, "Ni mchezo tu, bibi. Ni hesabu." Kamba zikabaki palepale.

Kabla ya mavuno surua ikaingia kijijini. Macho mekundu, kikohozi, vidonda mdomoni, nyumba hadi nyumba. Mdogo wangu alipozidiwa baba akampakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati. Hawakufika. Alirudi naye amemfunika kanga ya mama.

Wachimba kaburi wakamtuma mzee jirani na bua la mtama, aje kuchukua kipimo cha maiti kama ilivyo desturi. Bibi akasimama mlangoni.

"Rudi nalo. Huyu ameshapimwa."

Mwalimu alikuwepo msibani. Wanawake wakaanza kuondoka kwenye mkeka aliokalia, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki peke yake. Hata maji ya kunywa hakupewa. Wiki ileile akapanda lori la pamba kwenda Tabora, na hakuna aliyemuaga. Darasa likageuzwa ghala la mbolea. Shule niliyokwenda baadaye hesabu tuliimbishwa kwa fimbo, hatukushika hata punje ya mchanga. Nilimlilia mdogo wangu, na kimoyomoyo nilimlilia na yule dada. Mpaka leo nawalilia wote wawili.

Surua ile ilichukua hata watoto wa mgongoni, ambao darasa hawakulijua. Kijiji kizima kiliona. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza bibi, macho yake yakiwa yameshapofuka, kama kweli aliamini kuwa kamba ndiyo iliyoua.

"Nilijua ni surua, mjukuu wangu," akasema. "Lakini surua ningeifukuzaje?"