Wasukumaji wa Mtendeli

Pikapu yangu kuukuu haikuwaka ila kwa kusukumwa. Ukigeuza ufunguo, taa zinafifia, stata inalia ta!, kisha kimya. Mafundi wa Kibondo walibadili betri, wakabadili stata. Fundi wa Kasulu akasema gari limezeeka, niliuze kama vyuma chakavu.

Kambini Mtendeli, nilikokuwa nikipeleka ndizi na mawese, sikuhangaika. Wateja wangu, wakimbizi wa Burundi, walijipanga nyuma wakasukuma, na injini ikishika wanapiga kelele kwa pamoja: "Limewaka!"

Kisha kambi ikafungwa. Wengine walirudi kwao, wengine wakahamishiwa kambi nyingine.

Juzi nilipita pale na magunia ya mihogo. Kamba ikalegea, nikasimama kuikaza, na kwa mazoea ya mahali pale nikazima gari. Mjinga mimi! Tambarare tupu, majani yamefika kiunoni, hata mbwa hayupo.

Nikafungua boneti kwa hasira. Nikafuata nyaya kwa vidole, mmoja mmoja, hadi ule mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini. Bolti yake imelegea, imeota kutu. Nikaikwangua kwa kisu, nikaikaza kwa spana. Basi! Miaka yote ile, migongo ya watu waliokula mlo mmoja kwa siku, kwa ajili ya bolti!

Nikageuza ufunguo. Injini ikanguruma papo hapo.

Nikabaki nimekaa, mguu kwenye klachi, nikisubiri kelele.