Kinga ya Marehemu Kasonde

Huku kwetu Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga, na kama kuna mtu aliyezaliwa kuitesa, ni Rigobert. Nina ruhusa ya kumsema nitakavyo. Yeye ni wa ukoo wa Chui, mimi ni wa ukoo wa Mbuzi, na tangu enzi za mababu Mbuzi na Chui ni watani: tunazikana, tunatukanana, na anayekasirika ndiye mjinga. Mimi ni Jeannot, fundi wa kinga pale njia panda ya Kasungami, na mtu huyu nimemvumilia miaka minne.

Rigobert alikuwa karani wa ghala kwenye barabara ya Kinsevere. Miaka ishirini na sita alishika funguo, wala hakuwahi kuinua kitu kizito kuliko hizo funguo. Alipostaafu alibaki na koti moja la kijivu, kalamu tatu mfukoni, mbili zimekauka, na neno moja tu la kufanyia kazi: tutaona. Ukimuuliza kama ameshakula, atakwambia tutaona. Tena ana alama yake. Akisema kweli hutumia Kiswahili. Akitaka kudanganya, anahamia Kifaransa. Mkewe Delphine ndiye aliyenifunulia siri hiyo, na haijawahi kuniangusha.

Mjomba wake, mzee Kasonde, alipofariki, ukoo ulikaa kumtafuta mrithi wa jina. Kwetu jina la marehemu haliachwi chini. Mpwa mmoja analivaa, anaitwa kwa hilo jina, na ndiye anayemfungua mjane. Kumfungua si kazi ya kutoa jasho: anamfunga ushanga mweupe mkononi mbele ya shahidi, anampaka unga kidogo kwenye paji la uso, basi, marehemu amemwachia mama wa watu, anaweza kuolewa. Bila ushanga huo hakuna mwanamume wa huku atakayethubutu kumwoa, hata mama awe anaenda misa kila asubuhi. Padri wetu amehubiri juu ya jambo hilo mpaka amechoka.

Basi wakamchagua Rigobert, nadhani kwa sababu ya koti. Wazee wakatamka: amfungue mjane, mama Madeleine, akiwa na kinga ya mjomba mkononi, ili marehemu aone kwamba mali yake imepata mwenyewe. Hapo ndipo wazee walipokosea. Hakuna hata mmoja aliyezunguka nyuma ya nyumba kwenda kuitazama hiyo kinga.

Ilikuwa kinga ya wakati wa Wabelgiji, chuma kizito, ya kiume, tandiko la ngozi. Mzee Kasonde aliinunua kwa katekista mmoja, ikampeleka kazini na shambani, na siku ya harusi yake ikambeba Madeleine nyuma. Halafu mzee akaugua. Kinga ikaegemezwa ukutani, pale maji ya paa yanapomwagikia, ikanyeshewa misimu minane. Kutu yake haikuwa ile ya kupiga msasa nawe ukaendelea na maisha yako. Mnyororo ulikuwa umegandamana ukawa kitu kimoja, unaweza kuusimamisha kama fimbo. Siku ya kwanza nilipolichokoa bomba la kadre, yaani ule mwili wenyewe wa kinga, bisibisi ilizama yote, na upande wa pili wakatoka sisimizi. Fundi anajua hapo hapo. Kadre ikishaoza hakuna cha kuchomelea, moto utashika nini?

Rigobert akanitazama, akakohoa, akasema, “C'est un patrimoine.” Ati ni urithi, haufai kuharakishwa, na mjane atangoja mpaka kinga ipone. Nilipaswa kumjibu pale pale. Badala yake nikasema: bado, tuangalie.

Ndugu yangu, hilo neno bado lilitulisha miaka minne. Maana mjane asiyefunguliwa ni mke wa nyumba ya marehemu mpaka leo, na mavuno yake lazima yapite kwa mrithi. Na Madeleine anajua kulima, usicheze naye. Viazi vitamu, karanga, maharagwe, mahindi. Kila mara alijitwisha gunia, akatembea kutoka mashambani mpaka kwa Rigobert, akapiga magoti, akatua mzigo. Rigobert akanenepa hadi vifungo vya koti vikagoma.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alinijia na kinga begani, maana kusukumika haikusukumika, akailaza mbele yangu kama mgonjwa. Tukaichunguza. Mwezi mmoja alitaka rangi ileile ya zamani, rangi nyingine marehemu hataitambua. Mwezi uliofuata tandiko, tena la ngozi, plastiki ni matusi. Siku moja alinituma nianze kwa kutafuta kengele. Kengele! Magurudumu hayazunguki, mwenzangu anataka kengele, amwonye nani apishe njia? Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akanipa kifuko cha viazi alichokificha chini ya koti, nikasema tuangalie mwezi ujao. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Rigobert haukuwa mtupu.

Sikujiuliza ni nani anayelipia hivyo viazi. Yaani, nilijua, ila sikujiuliza.

Mwaka huu, mvua zikiwa karibu kwisha, Madeleine akapita kwenye kibanda changu na gunia kichwani, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Kila mtu Kasungami alijua kwamba Sylvain, mgane anayechoma matofali, alikuwa amemposa Madeleine kwa ndugu zake tangu mwaka wa pili wa ujane. Mtu mpole, asiyekunywa, mwenye mikono kama koleo. Alikuwa akisubiri ushanga tu. Madeleine akasimama akaniuliza, bila hata kutua mzigo:

“Jeannot, ile kinga bado?”

Kiazi chake kilikuwa mdomoni mwangu. Nakiri niliona aibu, na aibu ile sikuijua tangu nilipokuwa mtoto. Nikameza. Nikamweleza yote: kwamba kinga imekufa, kwamba Rigobert anajua, na kwamba mimi mwenyewe nilijua tangu siku ile ya sisimizi. Nilitazamia anitukane, na ingekuwa nafuu. Akatua gunia, akaketi juu yake, akanisimulia kwa sauti ya chini kwamba ndugu zake Sylvain wamechoka. Wamempa mpaka mvua ziishe. Zikiisha, wanamletea mwanamke mwingine, na Sylvain si mtu wa kupigana na dada zake. Akasema ana miaka arobaini na sita, na hataki kuzeeka akipeleka maharagwe kwa mwanamume asiye wake.

Kisha akafikiri kidogo.

“Rigobert anakuyaka hapa siku gani?”

“Huja siku ya posho,” nikamjibu. Ndivyo tunavyoiita Jumamosi.

Jumamosi ikafika, Rigobert naye. Alikuwa ameipindua kinga, ameishika kwa mkono mmoja, mwingine anaupunga hewani, akiwaeleza wateja wangu wawili kwamba chuma cha namna hii hakitengenezwi tena duniani na kwamba kabla ya kugusa kitu “il faut une expertise,” yaani lazima kwanza mtaalamu aipime. Madeleine akatokea kwa nyuma amevaa kitenge chake cha Pasaka. Hakumsalimia mtu. Akaketi chini kwenye vumbi na mafuta ya kibanda changu, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wajane, akafungua fundo la kitenge. Ndani mlikuwa na ushanga mweupe katika uzi, na unga katika kipande cha karatasi. Akanyoosha mkono.

Rigobert akageuka majivu.

“Mama, apana hapa,” akasema. “Bazee balisema nikuye kwako na kinga.”

“Bazee balisema kinga ikuwe mu mukono yako,” Madeleine akamjibu. “Iko mu mukono yako. Kama ni njia, miye njo nimeitembea.”

Rigobert akaanza Kifaransa, sentensi moja, ya pili, ya tatu, na mama wa watu hakushusha mkono. Ndipo Rigobert akanigeukia mimi.

“Jeannot, weye njo fundi. Sema: tukiitengeneza muzuri, haitapona?”

Miaka minne nilikuwa nimeulizwa swali hilo, na miaka minne nililijibu kwa tumbo. Nikamwambia:

“Ilikufa zamani, ndugu. Marehemu mwenyewe aliiacha pale ukutani ioze. Funga ushanga.”

Nikaongeza, kwa haki ya utani, kwamba chui anayejificha nyuma ya kinga mbovu asitegemee mbuzi wamwogope, na kwamba mtani ni shahidi anayetosha, tena nina macho mawili. Wateja wakacheka sana. Rigobert alikuwa bado ameshika kinga kwa mkono mmoja. Akaegemeza kadre kwenye goti ili apate mikono yote miwili, akainama.

Fundo likamshinda. Akajaribu mara mbili, uzi ukimponyoka, mpaka Madeleine akaishika ncha moja ya uzi kwa meno yake mwenyewe ndipo likakaza. Akampaka unga. Hapo Madeleine akalia, akamlilia Kasonde kwa jina, kwa sauti, kama siku ya mazishi. Mimi nilifurahi na nilijichukia, vyote kwa pamoja, na sikujua nitazame wapi.

Alipomaliza kulia alijifuta uso, unga akauacha palepale. Rigobert akakung'uta koti. Akasogea karibu yake, akamuuliza polepole, kwa Kiswahili kabisa, maharagwe yaliyobaki shambani atume mtu ayachukue lini.

Madeleine akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

“Utauliza bwana yangu,” akasema. “Anaitwa Sylvain.”

Akashika njia ya kwenye matanuri ya matofali.