Blogu Iliyotoa Maksi kwa Pilau za Watu

Wiki nzima sikulala vizuri kwa swali moja: nikikiri, nani ataniua mwanzo, mama mdogo au shoga yake wa zamani? Mwenye digrii mwengine angewaza ajira. Mimi nilikuwa nawaza pilau.

Nilipokuwa sekondari nilikuwa na blogu. Wakati ule kila mwenye vidole alikuwa na blogu: huyu ya mpira, yule ya mashairi ya kumlilia mtu asiyemjua. Yangu ilitoa maksi kwa vyakula vya harusi, na sikuweka jina. Kila Jumamosi nikenda duka la intaneti Mlandege, nikalipia nusu saa na kuandika mbio kwenye kibodi iliyofutika herufi. Ukurasa ukifunguka polepole, ungeweza kusali rakaa mbili ukaukuta bado unafunguka. Nilidhani wasomaji wangu ni watatu, na wawili kati yao ni mimi.

Kumbe watu wakizichapa zile habari kwenye karatasi na kupitishiana shughulini. Ndivyo intaneti ilivyowafikia mama zetu: imekunjwa mara nne, imo mkobani.

Harusi moja ya Ng'ambo niliipa tatu kwa kumi. Niliandika kwamba samli iliwaishia wapishi, wakapikia mafuta ya kukaangia, kisha wakatia kijiko cha samli juu ili pilau inukie. Wapishi walikuwa mama mdogo na shoga yake wa Michenzani, waliopika pamoja tangu sijazaliwa. Siri walikuwa nayo wao wawili tu. Mimi alinihadithia mama mdogo mwenyewe, huku akicheka mpaka machozi, halafu akasahau, kama mtu anavyosahau alichomwambia paka.

Karatasi ilipomfikia mama mdogo, alipiga hesabu yake: "Tulikuwa wawili, mimi sikusema." Akenda Michenzani, akasimama chini ya ghorofa na kuyatoa yote, madirisha yakafunguka mpaka juu kabisa. Tangu siku hiyo hawasemeshani. Nami nikajiambia watapatana Sikukuu. Sikukuu zikaja zikapita, nikamaliza chuo.

Mwaka huu binti yake mama mdogo anaolewa. Kwanza nilijaribu njia ya waoga: kuifuta blogu. Nywila nilishaisahau, na mtambo ukaniuliza jina la mnyama wangu wa kwanza. Sijapata kufuga. Nilijaribu paka wote wa mtaani, ukakataa.

Kisha nikapewa kazi ya kuandika majina kwenye kadi, kwa kuwa nina digrii na sina kazi.

"Mama mdogo, yule wa Michenzani tumwandikie?"

"Aje kufanya nini? Kunusa masufuria yangu akaandike tena?"

"Labda hakuandika yeye."

"Kaandika nani basi, sufuria?"

Nikaandika kadi ya mtu mwengine. Yeye akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na kitu.

"Mwanangu huyu alipozaliwa," akasema, "mikono ya mwanzo kumbeba ilikuwa yake. Leo anaolewa, naye hatokuwapo."

Niliweka kalamu chini.

"Niliandika mimi."

"Uliandika nini?"

"Ile habari ya samli. Ulinihadithia mwenyewe."

Alinitazama mpaka nikatamani anipige.

"We ndo ulotupa tatu?"

"Kwa kumi."

"Tatu! Na sahani mbili ulikula!" Kandambili ikaja, ikanipata begani. Halafu akakaa, sauti imemshuka. "Miaka yote hii nimemnyima salamu mwenzangu."

Aliniamuru niandike kadi, akasema atatafuta mtu wa kuipeleka, maana yeye uso hana. Nikamwambia naipeleka mwenyewe. Nilivaa buibui, nikenda Michenzani, nikapanda ngazi zote bila ya kujipa nafasi ya kufikiri, nikagonga. Alifungua mwenyewe, ana unga mikononi.

"Shikamoo, Bi," nikasema, na kabla hajaitikia nikamwambia yule mwandishi wa habari ya samli ni mimi.