Upawa wa Mkomunisti

Mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni alikuwa na ugonjwa usio na dawa: usawa. Alichota mchuzi, akakung'uta upawa ukingoni mwa sufuria ili ziada ianguke, ndipo akamimina. Kila mtu upawa mmoja, awe mfagiaji au fundi mitambo. Siku moja meneja alirudisha sahani akitaka kuongezewa nyama.

"Bosi, wenzako bado hawajala," mpishi akamwambia.

Meneja akacheka cheko la hasira. "Kumbe tunalishwa na mkomunisti!"

Kantini nzima ikaangua kicheko, na jina likamganda kama kupe. Maana yake nani alijua? Fundi mitambo alisema ni mtu anayetaka mali zote zigawanywe sawa. Mfagiaji akaapa ni mtu asiyesali. Mpishi, ambaye sala haikumpita, alicheka nao. Mkewe hakucheka.

"Mume wangu, likatae mapema. Mzaha mzaha, hutumbua usaha."

Ukatumbuka kweli. Serikali ilianza kuwasaka wakomunisti, redio ikiwalaani asubuhi na jioni. Mpishi hakukamatwa, alifukuzwa kazi tu. Lakini wale aliowalisha miaka nenda rudi wakawa wakimwona wanavuka barabara, na hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa. Waoga wakubwa, na matumbo yao aliyashibisha yeye!

Kisha mkewe akafariki. Mpishi akajipa moyo kwamba mazikoni watakuja, maana msiba hauna siasa. Akaazima mabenchi, akainjika sufuria kubwa uani, akapika huku akilia. Wa kwanza kufika alikuwa dada yake, kutoka safari ya mbali. Wa mwisho pia alikuwa yeye. Jeneza lilibebwa na wachimba kaburi wa kukodi.

Waliporudi kutoka makaburini, kaka na dada walikaa wawili uani.

"Kaka, hivi hilo neno lina maana gani hasa?"

"Sijui, dada yangu. Kila aliyeniita alikuwa na maana yake."

Akachota, akakung'uta upawa ukingoni, akammiminia.

"Niongeze kidogo basi, nawe ujiongeze. Sufuria imejaa pomoni."

"Upawa mmoja," mpishi akasema, macho yakiwa langoni. "Wenzetu bado hawajala."

Dada akayatazama mabenchi matupu, akainamia sahani yake, akala.