Siku Kitanda cha Umeme Kiliponikunja

Aibu hii mke wangu huwasimulia wageni kabla hata chai haijamiminwa, kwa hiyo bora leo niisimulie mwenyewe, angalau kwangu itatoka na huruma kidogo.

Nilikuwa fundi wa vifaa kwenye hospitali moja ndogo nje kidogo ya Dodoma mjini, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na madukani kukajaa redio na pasi za kila namna, na sisi hospitalini tukaanza kupewa misaada ya mashine zilizokwisha kutumika Ulaya, nyingine nzima, nyingine (Mungu anisamehe) takataka tu. Ndipo kikaja kitanda cha umeme. Kinainua mgongo, kinainua miguu, wewe unabonyeza tu rimoti yenye waya unaotokea miguuni pa kitanda. Maandishi ya rimoti yalikuwa yamefutika, nami nikabandika plasta nikachora mishale: juu mgongo, chini yake miguu, kila kimoja na mshale wa kupanda na wa kushuka. Neno sikuandika hata moja, maana wagonjwa wetu wengi hawakujua kusoma, nikajiona nina akili ajabu.

Mwenye shida na kitanda hicho alikuwa Mzee Yona. Moyo wake ulikuwa umechoka, akilala chali pumzi inakata, hivyo mkewe, Bibi Raheli, alikesha nyuma yake kitandani akimwegemeza kifuani kama mtoto, na asubuhi ukimsalimu "mbukwenyi" anakuitikia amefumba macho. Nilimpenda sana yule bibi. Lakini mganga mkuu wetu, aliyeogopa kila kitu chenye waya, akasema kitanda kitajaribiwa kwanza mbele ya wageni wa wizara. Kikifanya vizuri kinabaki wodini, kikileta matata kinarudi stoo ya mkoa.

Sasa sikia ujinga wangu. Asubuhi ya siku yenyewe Sista Foibe, muuguzi wa wodi ya wanaume, akaniambia, "Fundi, hebu nilale kidogo nikijaribu, mimi ndiye nitakayebaki nacho."

Nami, na shati langu jipya la mtumba, nikamjibu, "Sista, huo ni mtambo. Wewe tandika tu."

Akaniangalia, akatandika.

Wageni wakafika wodini, wakiongozwa na mama mmoja mpole mwenye miwani. Kitanda nilikuwa nimekijaribu mara nyingi nikiwa nimesimama miguuni pake, na kilinitii, ila mbele za watu nikaona kusimama hakutoshi, nikavua viatu (kwa heshima ya shuka), nikapanda, nikapandisha vyuma vya pembeni, nikalala, nikasema, "Waheshimiwa, tazameni mgonjwa anavyojihudumia mwenyewe."

Nikabonyeza mgongo juu: kimya. Nikasema labda umekwama, nikabonyeza mgongo chini ili uachie, na miguu yangu ikaanza kupanda. Nikatabasamu kama mtu aliyetaka hivyo. Nikabonyeza miguu chini, nikashangaa mgongo nao unapanda, na kadiri ulivyopanda ndivyo nilivyozidi kushindilia nikingoja miguu ishuke, mpaka magoti yakanifika kidevuni, na dole gumba langu, lililochungulia kwenye tundu la soksi, likasimama mbele ya miwani ya yule mama wa wizara. Na umeme ukakatika.

Jenereta ilikuwa ya chumba cha upasuaji tu. Wanaume wawili wakajaribu kunivuta, lakini vile vyuma vilikuwa vimebanwa na godoro lililojikunja, havishuki. Basi nikakaa. Mama wa wizara, kwa adabu zake, akauliza, "Na hapa mgonjwa hukaa muda gani?"

"Inategemea umeme, mama," nikamjibu, na wodi nzima ikaangua kicheko. Sista Foibe akaja akanifunika dole kwa kona ya shuka, akaninong'oneza, "Pole fundi. Nimetandika vizuri?"

Mzee Yona naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa pumzi ya kukwaruza, Bibi Raheli akamkumbatia kwa nyuma, na mimi nimekunjwa pale siwezi hata kumsogezea mto. Hapo mzaha wote ukaniisha. Nilitaka kulia. Kwa kukosa pa kutazama nikaitazama rimoti. Waya ulitokea miguuni, kwa hiyo aliyesimama kule aliishika vizuri, lakini aliyelala ilimjia kichwa chini miguu juu, na mishale yangu yote ilikuwa imepinduka. Mtu yeyote angelala angeliona hilo mapema (na Sista aliomba kulala, nikamkatalia).

Umeme uliporudi nikaigeuza rimoti, nikashuka taratibu. Mganga mkuu hakucheka.

"Kirudi stoo," akasema. "Kama kimemkunja fundi, mgonjwa kitamwua."

Aliyemjibu ni Mzee Yona, kwa pumzi fupi fupi: "Daktari, huyu kimemwinua hataki. Mimi nataka kuinuliwa."

Mama wa wizara akamtazama mzee, akamtazama bibi, akasema, "Mpeni ajaribu."

Nikabandua plasta, nikapanda tena, nikazibandika upya nikiwa nimelala. Mzee alipowekwa pale nikataka kumwelekeza, Sista Foibe akanishika mkono: "Mwache." Mzee akaipapasa rimoti, akakosea, miguu ikapanda kidogo, akairudisha mwenyewe, kisha mgongo ukaanza kupanda polepole mpaka pumzi yake ikatulia. Akabaki ameegemea, hana mtu nyuma yake. Bibi Raheli alisimama kando, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Tukamvutia kiti, na kabla wageni hawajatoka wodini alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma, na waheshimiwa wote wakatoka kwa kunyata.

Kitanda kikabaki wodini, na siku hiyohiyo nilimwomba Sista Foibe radhi. Akanisamehe kwa sharti moja, kwamba kifaa chochote kipya atakijaribu kwanza yule atakayekitumia, palepale atakapokitumia, na mimi nikae kwenye benchi nitazame bila kusema. Naapa sijalivunja sharti hilo hata mara moja, ingawa kukaa kimya, jamani, kunaniuma mpaka leo.