Kisima Kilichopumzishwa

Ripoti yangu ya upimaji wa maji ilikuwa tayari kwenye begi. Ilisema kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimezama ardhini vya kutosha, na kwamba kijiji kimoja cha Chunya kingeweza kufungiwa pampu ya umeme. Nilikuwa nimeisoma mara sita. Bosi wangu aliitaka Mbeya kesho yake. Kwa wasiwasi wangu tu, nikarudi kupima kisima mara ya mwisho.

Njia yenyewe ni rahisi. Unapima maji yapo kina gani kabla ya mvua, unapima tena baada yake, na kwa jinsi yalivyopanda unakadiria mvua iliyoingia ardhini. Kati ya Oktoba na Aprili, maji ya kisima hiki yalikuwa yamepanda karibu mita mbili.

Asubuhi ile nilikuta foleni ya ndoo tupu.

"Mchumba wa kisima huyo," mwanamke mmoja alisema. "Umechelewa, shemeji. Watoto hawajanawa uso."

Nilimwamkia mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa makamo aliyevaa ufunguo wa mfuniko shingoni. "Shikamoo, mama. Mbona hawachoti?"

"Marahaba. Tunakungoja. Ukipiga simu kwamba unakuja, nakifunga tangu jioni. Mgeni utamwonyeshaje kisima kilichokaushwa?"

"Na Oktoba, mama? Ulikifunga?"

"Oktoba nani alikuwa anakujua?"

Oktoba nilifika saa saba mchana, watu wakiwa wamechota tangu alfajiri; Aprili nilipiga simu kwanza. Kumbe nilikuwa nimelinganisha kisima kilichochoka na kisima kilicholala. Sehemu ya zile mita mbili haikuwa mvua. Ilikuwa adabu yao.

Nilimwomba afungue, wachote kama kawaida. Nilikaa pembeni nikijiuliza ni mambo gani mengine sikuyauliza. Saa saba nikashusha futikamba. Maji hayakuwa yamepanda hata nusu ya nilivyoandika. Nikashusha tena. Nikashusha mara ya tatu, mama akinitazama mikono.

"Sema," alisema.

"Pampu siwezi kuipitisha, mama. Tungoje msimu mwingine nipime upya."

Aligeukia mtaro wa bomba ambao wanakijiji walikuwa wameshauchimba hadi shuleni. "Ukipeleka kile kipimo cha Aprili, nani atajua?"

"Mtajua nyie. Septemba pampu itavuta matope."

"Tumekuheshimu," alisema taratibu, "sasa heshima imekuwa kosa."

"Kosa ni langu. Sikuuliza."

"Basi waambie mwenyewe. Mimi ndiye niliyewanyima maji tangu jana kwa ajili yako."

Wanawake waliobaki kisimani walikuwa wameacha kuchota. Nilitamani kuwaambia nitapiga simu nikifika Mbeya. Nikawaendea, nikasimama mbele yao, nikaanza na kosa langu kabla ya kuitaja pampu.